Chatu Haogeshwi Dawa ya Ng'ombe

Kila asubuhi nafagia uani, nachota maji, nakamua ng'ombe. Kisha nambadilishia nyoka maji. Ndiyo, nyoka. Mume wangu Makoye anacheza ngoma ya nyoka, kama alivyocheza baba yake, na kibali cha kufuga anacho. Wenzangu wameolewa na wavuvi wa Karema, wanakula samaki. Mimi Ng'washi nimeolewa hapa Kawajense na chatu sandukuni. Nimechoka, lakini nimezoea.

Chatu walikuwa wawili. Mwaka huu wakaanza kukataa kuku. Wakawa wanashinda ndani ya beseni la maji, wamejikunja. Nikaona vidoa vyeusi vinatembea kwenye magamba, vingi zaidi kuzunguka macho.

"Baba Luhende, nyoka wana wadudu," nikamwambia Makoye.

"Ni kupe wadogo tu. Dawa ya josho ipo."

Sisi Wasukuma na kupe tunajuana. Ng'ombe akiwa na kupe, tunamwogesha dawa. Makoye akamwogesha chatu mdogo dawa ile ile. Jioni nyoka akaanza kutetemeka. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Akabaki yule mkubwa, aliyeachwa na marehemu baba mkwe. Akifa huyu, ngoma ya ukoo imekwisha. Makoye hakula siku hiyo. Niliumia, ingawa nyoka sijawahi kuwapenda.

Nikapanda bodaboda mpaka Makanyagio kumwita Dina, daktari wa mifugo. Akaja, akampangusa chatu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikajaa vidoa.

"Huu ni utitiri," akasema. "Unanyonya damu. Ukiuacha, nyoka anadhoofika mpaka anakufa."

"Na dawa ya ng'ombe?" Makoye akauliza, macho chini.

"Nyoka si ng'ombe, mzee. Ile kwake ni sumu. Dawa yake nitaipima mimi kwa uzito wake. Lakini kazi kubwa ni usafi."

"Usafi wa nani?" nikauliza. Jibu nilikuwa nalijua.

Dina akacheka kidogo. "Mama, nyasi zote za sandukuni mzichome. Na sanduku lenyewe. Utitiri unataga mayai kwenye nyufa za mbao."

"Sanduku la baba?" Makoye akauliza.

"Humo ndimo unamozaliana, mzee."

Makoye akalibeba mwenyewe mpaka motoni.

Dina akampa chatu dawa yake. Tukanunua pipa la plastiki lenye mfuniko, tukalitoboa matundu ya hewa. Chini tukatandika karatasi, tukawa tunazibadilisha kila siku. Chatu tulimwogesha kwa maji machache ya uvuguvugu. Makoye alishika kichwa kisizame, mimi nikafuta taratibu kuzunguka macho. Tukimaliza, tulinawa kwa sabuni. Vidoa vilipopotea nikataka kupumzika.

"Bado, mama," Dina akasema. "Yapo mayai ambayo hayajaanguliwa. Endelea mpaka nikwambie basi."

Nikaendelea. Mgongo uliniuma kweli kweli.

Juzi chatu alijivua gamba lote, safi. Jana akaanza kutambaa huku na huko, anatafuta chakula.

"Mama Luhende," Makoye akasema kwa sauti ndogo, "nadhani ana njaa."

Nikaenda bandani. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, niliyekuwa namtunza kwa sikukuu. Nikampeleka mwenyewe.

Chatu akammeza. Makoye akageukia ukutani, akajifuta macho. Mimi nikakaa chini, nikanyoosha miguu.