Akili Anazo

Jioni ile nyumbani kwa fundi cherehani kulikuwa kumetulia. Mashine imefunikwa, mtoto wa mwisho anatambaa mkekani, na dada yake wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza, anamwimbia. Mara mume, mchomelea mageti, akaingia akicheka peke yake.

"Mama Chiriku! Majibu yametoka. Mpimaji anasema Chiriku ana akili kuliko wenzake wengi!"

Mama alitabasamu, lakini moyo haukutulia. Jamani, mtoto huyu alipelekwa kupimwa kwa sababu mwalimu amechoka: hamalizi kazi, anapoteza madaftari, akitumwa mambo matatu anafanya moja. Kipimo alichopewa kikawa cha akili. Chumba kimya, mtu mzima mmoja mbele yake, mafumbo mafupi ya kupanga vipande. Chiriku aliyafurahia kama mchezo. Darasani kwao je, kuna ukimya gani?

"Basi umakini wake hauna tatizo," mume akakata shauri. "Akili anazo, anatufanyia makusudi. Kuanzia leo hakuna kumkumbusha kitu. Akisahau, mkanda."

"Baba Chiriku, mimi ndiye ninayeshinda naye. Si makusudi."

"Wewe ndiye unayemdekeza!"

Mama akafyata ulimi. Hapo alikosea, nasema bila kupepesa macho. Alijua binti yake huweza akiambiwa jambo moja, akitazamwa machoni, alimalize ndipo apewe jingine. Akauacha utaratibu huo ili nyumba iwe na amani, na amani yenyewe haikuja. Mkanda ulifanya kazi karibu kila siku.

Jumamosi moja mteja alikuja kujaribu gauni. "Chiriku, zima jiko, anua nguo, mwangalie mdogo wako," mama akasema bila kugeuka, pini mdomoni.

Chiriku alianza na nguo. Akiwa kwenye kamba ya nguo akaona paka anahamisha watoto wake, akamfuata hadi nyuma ya nyumba. Ndani, sufuria ya maji ilikuwa ikitokota kwenye jiko la mafuta, sakafuni, na mdogo akalitambalia. Mama alisikia kishindo, kisha ukelele uliomkata maini.

Hospitalini, mdogo akifungwa mguu ulioungua, baba alianza kufungua mkanda palepale ukumbini. Mama akasimama katikati. "Leo utanipiga mimi kwanza."

Chiriku akatoka nyuma ya mama. "Baba, nipige tu. Lakini kama akili ninazo, mbona nasahau?"

Mkono wa baba ukashuka wenyewe.

Daktari wa watoto alikuwa amesikia. "Umakini wake aliupima nani?"

"Alipimwa akili," baba akajibu. "Alifaulu sana."

"Sikuuliza akili. Kipimo kile hakiwezi peke yake kusema kama ana tatizo la umakini au hana. Nitahitaji maelezo yenu na ya mwalimu, nimwangalie masikio, macho na usingizi wake. Itachukua muda."

Muda ulichukuliwa, ikaonekana kweli tatizo lilikuwa umakini, msaada ukapatikana, mkanda ukakoma. Mguu ulipona, kovu likabaki. Chiriku huliona kila anapomvisha mdogo wake soksi, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba kosa halikuwa lake.

Funzo

Wazazi na walimu, akili ni kitu kimoja na umakini ni kingine. Mtoto mwerevu anaweza kushindwa kutulia, na anayeshindwa kutulia si mjinga wala mkaidi. Alama za mtihani mmoja zisiwe hukumu yake. Nawe mama unayemjua mwanao, sema, hata ukiambiwa unadekeza.