Niliwapikia Madereva Wakashiba, Mimi Nikashindia Soda... Wakaniita Kichaa!

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mitatu. Mimi ni mzaliwa wa Igamba, Mbozi, na kwa sasa naishi Tunduma. Nina mtoto mmoja wa kike, Vaileti, ambaye haishi na mimi. Kwa nini haishi na mimi? Ndiyo hayo ninayotaka kuwaeleza, na mniwie radhi kama maneno yangu yatakuwa makali. Nina hasira. Nina hasira hadi leo!

Niliolewa na Edsoni, dalali wa mahindi, mtu wa Isansa. Alinikuta nyumbani kwetu nikiwa msichana mcheshi, ninayecheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Hilo nalitaja makusudi, maana baadaye walisema nimezaliwa na kisirani. Uongo mtupu! Kwetu tulikuwa maskini wa pesa lakini si wa chakula. Maharage yalikuwepo, ndizi zilikuwepo, maparachichi yalikuwa yanaoza chini ya miti. Mama yangu hakumruhusu mtu kwenda kuchuma kahawa na tumbo tupu, hata awe amechelewa vipi.

Tulipohamia Tunduma, Edsoni alisema nisikae bure. Dada yake mkubwa, wifi yangu Grolia, alikuwa na kibanda cha chakula karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Moshi ulikuwa umemchosha, akataka kwenda kuuza vitenge. Akaniachia kibanda pamoja na masufuria, akaniambia ni changu sasa. Nilipiga magoti kumshukuru... kumbe!

Siku za mwanzo alikaa na mimi kunifundisha kazi. Sheria yake ya kwanza haikuhusu usafi wala bei. Alisema mpishi anaonja chumvi kwenye kiganja tu, lakini hali mpaka sahani ya mwisho imeuzwa. Mama lishe anayekaa kula wakati sufuria bado lina chakula anafukuza wateja, alisema, na mkosi ukishaingia kibandani hautoki. Si yeye peke yake. Wanawake wengi pale kwenye foleni wanaamini hivyo, wengine wamerithishwa na shangazi zao, na hakuna anayeuliza ilianzia wapi.

Asubuhi moja nilimega kipande cha samaki. Grolia alinipiga kofi mkononi mbele ya madereva!

“Wifi, unakula biashara hiyo!” alisema. “Ukisikia njaa kunywa soda. Soda haina mkosi.”

Madereva wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaishika sheria kama amri ya kanisani.

Sasa niwaulize ninyi mnaoijua foleni ya Tunduma... sahani ya mwisho inafika saa ngapi? Haifiki! Wali ukiisha, maharage yapo. Maharage yakiisha, anakuja dereva amelala njiani anaomba hata ukoko. Kwa hiyo alfajiri nilikuwa nakunywa chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Katikati ya asubuhi soda. Mchana biskuti za kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na soda nyingine. Jioni macho yakianza kufumba nafungua kopo la enaji, kile kinywaji cha kukesha, maana bado kuna vyombo vya kuosha. Nikifika nyumbani nakwangua mchuzi uliobaki, au nalala hivyohivyo.

Na sahani nilizokuwa napakua je? Samaki, maharage, mboga za majani, parachichi pembeni. Wateja wangu walikuwa wananenepa mbele ya macho yangu! Kibanda kikajaa. Ikafika mahali dereva anasubiri benchi lipate nafasi.

Mimi nikaanza kuharibika.

Ilianza kwa mikono kutetemeka. Kabla ya saa nne asubuhi moyo unanienda mbio, kichwa kinagonga, na kila anayeniongelesha naona ananichokoza. Nikinywa soda natulia kidogo, halafu nadondoka tena, na safari hii ni vibaya zaidi. Usiku usingizi hauji. Nalala macho makavu, mwili umechoka lakini akili inakimbia. Nikawa nalia bila sababu. Nalia nikikata vitunguu na nalia vitunguu vikiwa vimeshaisha. Zilikuja siku nikawaza kwamba heri nisingekuwepo duniani. Hilo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Aliyeumia zaidi ni Vaileti. Alikuwa darasa la pili, akitoka shule anakuja kibandani. Zamani alikuwa ananikimbilia. Siku moja alimwaga maji ya kunawa wateja, nikamchapa kwa mwiko mpaka dereva mmoja Mzambia akainuka kuja kunishika mkono.

“Bamayo, inatosha! Ni mtoto huyo!” alinikemea, akiniita mama kwa lugha ya kwao.

Tangu siku hiyo mwanangu akawa anakaa benchi la mwisho kabisa, begi mapajani, ananitazama usoni kwanza kabla hajaomba hata maji. Mtoto wa miaka minane anaupima uso wa mama yake! Nililiona hilo, wasomaji. Nililiona, nikajichukia, na kesho yake asubuhi, kabla hajaenda shule, nikamchapa tena.

Mume wangu alifanya nini? Edsoni alilala kitanda kimoja na mimi. Aliona mifupa ya mabega ikitokeza. Aliona makopo ya enaji chini ya kitanda. Hakuuliza hata mara moja, “Mama Vaileti, umekula?” Yeye alikuwa anarudi, anapakuliwa, anashiba, halafu anaenda kumlalamikia dada yake kwamba ameoa simba.

Na Grolia vitenge vilikuwa vimemgomea. Akawa anapita kibandani kila siku, anahesabu kwa macho watu waliokaa kwenye mabenchi. Akaanza kunong'ona kwa mama lishe wenzangu kwamba ukoo wetu una wazimu, kwamba kuna mjomba wa mama yangu aliwahi kufungwa kamba. Mjomba gani? Sijawahi kumsikia! Lakini maneno ya aina hiyo hayahitaji ushahidi. Yalifika Isansa kwa mama mkwe kabla sijayasikia mwenyewe.

Siku ya kuharibikiwa, dereva alisema mchuzi hauna chumvi. Basi, hivyo tu. Nikamrushia upawa na mchuzi wake wa moto. Namshukuru Mungu ulimkosa ukapiga nguzo. Watu wakajaa, simu zikatolewa, mimi nimekaa chini natetemeka na kulia kama mtoto. Edsoni na Grolia walifika haraka sana. Hawakunipa maji. Walinipakia kwenye gari.

Walinipeleka kwenye nyumba ya maombi njia ya kwenda Saza, kwa mtu aliyejiita mtumishi. Aliniangalia kidogo tu, akatangaza kwamba nina mapepo ya mpakani yaliyopanda kwenye malori. Dawa yake? Kufunga! Kufunga kukavu, bila chakula wala maji, mpaka pepo lisikie njaa litoke.

Jamani! Mtu ameshinda njaa miaka mizima, na dawa anayoandikiwa ni njaa! Nikikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa nalazwa kwenye mkeka, nikiomba maji wanasema ni pepo linaomba. Nikaanza kuona vitu ambavyo havipo. Nilimwona Vaileti amesimama mlangoni, namwita haji... nao wakafurahi, wakasema pepo sasa linajitokeza. Mume wangu alikuwepo. Alinitazama, akaitikia amina, akaondoka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa pale akimuuguza mwanawe. Alininywesha uji kwa siri nyuma ya choo, akanipa simu yake nimpigie kaka yangu Igamba. Kaka alifika akiwa na panga mkononi. Alisema tu kwamba anayetaka kumzuia asimame mbele. Hakusimama mtu, hata mtumishi mwenyewe.

Hospitali nilipokelewa na daktari mwanamke wa kliniki ya afya ya akili. Nilijua ataniuliza habari za wazimu wa ukoo. Badala yake akasema, “Nieleze siku yako ya kawaida. Unaamka, unakula nini? Usinipambie.” Nikamweleza. Chai. Soda. Biskuti. Soda. Enaji. Akauliza, na wateja wako wanakula nini? Nikaanza kumtajia samaki na maharage na mboga... nikashindwa kumaliza. Nililia pale mpaka kaka akatoka nje.

Walinipima, damu ilikuwa kidogo mno. Daktari alinifafanulia kwamba sukari ile ilikuwa inanipandisha na kuniangusha siku nzima, enaji zinaniibia usingizi, na ubongo usiolishwa na usiolala hauwezi kuwa na subira. Hakusema ni chakula peke yake. Alisema pia nina sonona, ugonjwa wa huzuni, na alinipa dawa ambazo nilizimeza bila kukosa. Lakini alinionya kwamba nikirudi kushindia soda, dawa hizo zitafanya kazi nusu tu. Hakutaja pepo hata moja.

Nilirudi kwa mama. Mama hakunihoji. Asubuhi mayai na viazi, mchana maharage na mboga, maziwa jioni, na dawa zangu. Alikuwa anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Mikono iliacha kutetemeka kwanza. Usingizi ulichelewa, lakini ulikuja. Siku moja kuku aliingia ndani akapanda juu ya redio, nikacheka, mama akatoka jikoni mbio akiwa na machozi. Alisema alikuwa ameisahau sauti ile.

Nikaona niko tayari kumfuata mwanangu.

Nilifika Tunduma asubuhi, nikaenda moja kwa moja kibandani. Grolia alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa aproni yangu, masufuria yote yamejaa, wateja wamejaa... na mapajani ana sahani. Samaki mzima! Anakula! Anachambua miiba taratibu mbele ya madereva!

Nikamuuliza, wifi, na ule mkosi je? Hata hakusimama.

“Ule ulikuwa wa kwako,” alisema. “Mimi ni mwenye kibanda, nakula changu.”

Mpaka leo sijui kama aliiamini ile sheria au aliitunga anikomoe. Nimeliwaza sana. Kama aliiamini, mbona aliitupa ilipomhusu yeye? Kama hakuiamini, mniambie ninyi nimwite nani. Nilitamani kuyapindua yale masufuria yote. Nilikuwa na nguvu za kuyapindua! Lakini nikafikiria simu zitakazotolewa, nikajua wanangoja hilohilo. Nikageuka nikaondoka.

Edsoni nilimkuta nyumbani. Alisema Vaileti yuko Isansa kwa mama yake, na mama yake amekataa mtoto kukabidhiwa kichaa. Kichaa! Nilimwonyesha vyeti vya hospitali, akasema vyeti watu wananunua.

Kikao cha familia kikakaa Isansa. Nilikwenda na kaka yangu na mzee wa kanisa letu. Mama mkwe aliongea, Edsoni akaongea, mimi nikaongea kwa sauti ya chini mwanzo mpaka mwisho. Mzee wa kanisa akasema mwanamke huyu ni mzima, apewe mwanawe. Wengi wakamuunga mkono. Nilishinda, wasomaji. Nilijua nimeshinda! Mama mkwe, kwa kisasi au kwa haki, akasema basi mtoto mwenyewe aulizwe.

Vaileti aliletwa. Alikuwa amerefuka. Alisimama nyuma ya kiti cha bibi yake, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyokuwa ananitazama kutoka lile benchi la mwisho. Nikatabasamu. Nikanyoosha mikono.

“Mama,” alisema, “ukinichukua, utakuwa unanipiga tena asubuhi?”

Nilijibu hapana. Niliapa! Akatikisa kichwa polepole, akasema atabaki kwa bibi. Si wachawi walioninyang'anya mtoto, wala mapepo. Alinikataa mwenyewe, kwa kinywa chake, na alikuwa na haki.

Sasa nimepanga chumba hapa Tunduma, nina kibanda changu kidogo upande mwingine wa foleni. Kila asubuhi kabla sijauza sahani ya kwanza napakua yangu, nakaa kwenye benchi la mbele kabisa, nakula wote wakiniona. Mama lishe wenzangu wengine wananicheka. Wawili wameanza kukaa na mimi. Wateja hawajakimbia. Mkosi sijauona.

Ninyi mnaopikia watu, mnaouza dukani kutwa kwa soda na skonzi, mnaojisifu kwamba mnaweza kufanya kazi bila kula, nawasihi... acheni! Kama una hasira isiyoeleweka, usingizi haupo na machozi yako karibu, usikubali mtu akupeleke kufunga. Nenda hospitali, na ujiulize leo umekula nini. Na ninyi wanaume, mke akibadilika tabia mwulizeni kwanza kama amekula, kabla hamjamtafutia pepo! Grolia sijamsamehe. Edsoni sijamsamehe. Msinitumie ujumbe wa kuniambia nisamehe.

Kila Jumapili nampigia Vaileti simu kwa bibi yake. Bibi akipokea, huwa namsikia mwanangu kwa mbali akiuliza jambo lilelile kabla hajakubali kushika simu.

“Bibi, mama leo ana hasira?”