Chujio Lililonukia Limau

Kila siku Najua akirudi kutoka shuleni alimsalimia samaki kwanza, mama baadaye. Jina lake halisi lilikuwa kwenye madaftari. Nyumbani aliitwa Najua, kwa sababu ndilo neno alilojibu kabla hujamaliza kumweleza jambo. Samaki naye, mwenye rangi ya dhahabu na kitambi, aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa alifungua mdomo mchana kutwa bila kusema lolote la maana.

Mheshimiwa alikuwa wa babu. Babu alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, alimwachia mjukuu wake tangi la kioo, likawekwa sebuleni katika fleti yao ya ghorofa ya tatu.

"Nikirudi ninaona vizuri," alisema babu, "nataka wa kwanza kumwona awe yeye. Wewe utakuwa wa pili."

Siku chache baadaye maji yakageuka rangi ya chai. Mama akamwita fundi wa matangi ya samaki, mtu mpole anayeongea polepole, akafunga chujio: pampu ndogo inayovuta maji machafu, kuyapitisha kwenye sifongo na kuyarudisha yakiwa safi.

"Sifongo hii itageuka kahawia," alisema fundi. "Usiogope. Humo wanaishi vijidudu wasioonekana, wanakula uchafu wa samaki. Maji yakipita kwa shida, chota maji ya humu humu tangini kwa bakuli, uikamulie kwenye bakuli hilo. Lakini sabuni..."

"Najua," alisema Najua, macho yakiwa kwenye televisheni.

Mwezi ukaisha. Asubuhi ya siku ya babu kurudi, Najua alichungulia ndani ya chujio, akaona aibu. Sifongo ilikuwa kama tambara la kupigia deki. Babu apone macho, halafu aone haya? Akaichomoa, akaisugua kwa sabuni ya vyombo yenye harufu ya limau mpaka ikawa nyeupe pe. Akairudisha, akawasha pampu, akasimama mikono kiunoni kungoja sifa.

Lilikuja povu. Lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likasukuma kifuniko, likashuka kabatini na kushika njia ya mlangoni. Mheshimiwa alikuwa juu ya maji, ameinamia upande mmoja, anatweta.

Mama akatoka jikoni. "Nani anafua sebuleni?"

"Chujio limeharibika," alisema Najua. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. "Limeanza tu lenyewe."

Mama akampigia fundi simu na kumpa vipande vyake. Fundi, ambaye duka lake lilikuwa mtaa huo huo, alipanda ngazi mbio na sanduku la vifaa. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mama, chujio hili linanukia limau."

"Basi ulituuzia chujio la limau," alijibu mama, aliyekuwa hajamaliza ugomvi wake.

Fundi akakuna kichwa. "Labda pampu inavuja. Itabidi niifungue yote. Kama nusu saa hivi." Akatoa bisibisi.

Najua akamtazama Mheshimiwa. Mdomo ulikuwa unafunguka mara chache sasa. Hakuwa na nusu saa, na katika chumba kile aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu.

"Ni sabuni," alisema, na machozi yakafuata. "Ya vyombo. Niliosha sifongo. Pampu ni nzima. Mtoeni, tafadhali."

Fundi alikuwa ameshatupa bisibisi. "Mna maji yaliyolala?"

Yalikuwepo. Ndoo ya jana ilikuwa roshanini, imeachwa wazi ili dawa ya maji ya bomba ipungue. Mheshimiwa akatiwa humo. Kwanza alielea tu, ubavu juu. Kisha akatikisa mkia, akazunguka ndoo na kufungua mdomo.

"Anahutubia," alisema mama, akaketi kwenye kiti kilicholowa. "Nisamehe, fundi. Nilikusema vibaya."

"Hadi ghorofa ya tano walisikia," alisema fundi.

Wakaosha tangi kwa maji matupu, mara tatu. Fundi akaenda dukani, akarudi na mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na nusu sifongo, ya kahawia, inayochuruzika. Mama aliipokea kwa vidole viwili.

"Umetuletea uchafu?"

"Vijidudu vya tangi langu, mama. Hawa hawauzwi. Iweke ndooni pamoja naye."

Jioni babu akaingia na miwani mpya. "Mbona Mheshimiwa yuko kwenye ndoo?"

Mama alifungua mdomo, lakini Najua alimtangulia. Alieleza yote, hata ule uwongo wake. Babu alisikiliza, akachuchumaa kando ya ndoo, akamtazama samaki wake kwa muda.

"Sabuni ni kosa," alisema, "na kosa hilo dawa yake ilikuwa roshanini. Lakini fundi atatibuje asichoambiwa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na leo, mjukuu wangu, wewe uliyaficha na yeye ndiye angekufa."

Najua aliinamisha kichwa. Babu akamshika bega.

"Haya. Sifongo hii ikijaa, inasafishwaje?"

Najua alifungua mdomo kutoa jibu lake la siku zote, akaufunga.

"Nieleze, babu," alisema. "Polepole."