Kinyozi na Umeme wa Moyo

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Wembe ukipita shavuni, mteja anajizuia asicheke. Lakini siku hizo wateja walimcheka yeye. Alikuwa akinyamaza katikati ya maneno, macho yamelegea, kisha anazinduka. Wakambandika jina: Bwana Usingizi.

Mkewe hakucheka. Alimwona akipumzika mara mbili kwa kufagia duka dogo tu. Akimuuliza, anaambiwa uzee haupigi hodi, kisha mume anaongeza sukari kwenye chai.

Asubuhi moja kinyozi alikuwa akimnyoa ndevu jirani yao, muuguzi wa hospitali. Ghafla akaona giza. Wembe ukaanguka, naye akaufuata. Muuguzi akaruka na povu lake usoni, akamlaza chali, akamwinua miguu. Akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa. Mapigo yalikuwa machache mno.

Kinyozi alipozinduka, mkewe alikuwa ameshaleta chai ya sukari. Muuguzi akaizuia.

"Huu si usingizi wala njaa, shemeji. Moyo wake unakwenda polepole mno. Kaka, umewahi kupimwa moyo?"

Kinyozi akakiri kuwa alipimwa mwaka uliopita. Daktari alisema umeme wa moyo unachelewa kidogo, arudi kuangaliwa. Alijisikia mzima, hakurudi.

"Ulisikia 'kidogo', hukusikia 'rudi'," mkewe akasema. Alikuwa na hasira, na alikuwa akilia.

Wakaita teksi papo hapo. Njiani muuguzi akawaeleza. Moyo una umeme wake. Umeme huanzia juu, ukashuka chini, ndipo moyo unapiga. Njia ikiharibika, kwanza umeme huchelewa. Wengine hubaki hapo maisha yao yote. Kwa wengine hali huzidi. Mapigo mengine huanza kurukwa, na mwisho njia hufungwa kabisa. Hapo mtu huzimia, na anaweza kufa.

"Atapona?" mkewe akauliza.

"Kuna kifaa kidogo chenye betri. Huwekwa kifuani, chini ya ngozi. Moyo ukichelewa, kinaushtua upige."

Hospitalini, kipimo kikaonyesha njia ya umeme imefungwa. Kifaa kikawekwa. Baada ya majuma machache kinyozi alirudi kazini, na porojo zake zote.

Siku ya kifaa kukaguliwa ilipofika, duka lilikuwa limejaa. Kinyozi akavua aproni, akaaga kwenda hospitali. Mteja mmoja akanung'unika: mtu mzima wa afya kama huyu anafuata nini hospitali?

"Nafuata uzima wangu," kinyozi akajibu. "Nisipokwenda leo, kesho utanyolewa na nani?"