Matobolwa ya Sura ya Nne

Mashine ya fotokopi ya Adinani pale Mtendeni ilikuwa ikitema karatasi za moto, na mbele yake wanafunzi wa chuo cha afya walikuwa wamesongamana kama watu wa miaka ile ya foleni ya sukari. Mtihani wa baiokemia ulikuwa Jumatatu. Nakala za maktaba zilifungiwa kabatini, na mwenye funguo alikuwa msibani Urambo. Kwa hiyo chuo kizima kilisoma kwa nakala moja tu, ile iliyolala kwenye kioo cha mashine ya Adinani, kurasa zimelegea na jalada limeng'oka. Kilichokuwemo kwenye nakala ile kilikuwemo kwenye nakala za wote. Ukurasa wa sitini na mbili ulikuwa na doa la chai, na hakukuwa na mwanafunzi Tabora nzima asiyekuwa na doa lile.

"Kaka Adinani, nitolee sura ya nne. Usinikatie maneno ya pembeni kama juzi."

"Sura ya nne unaitakia nini, dada? Hata aliyeiandika haielewi."

Kabula aligeuka. Kijana aliyesema alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi kwenye viwiko, akinukia udi wa kwao. Alimjua kwa sura, kama chuo kizima kilivyomjua. Ni Badar, wa mwaka wa mwisho, waziri wa taaluma wa serikali ya wanafunzi, mtoto wa wale Waarabu wenye duka la vitambaa karibu na soko.

"Mheshimiwa waziri," Kabula alisema, "kama haieleweki, mbona hujaipeleka bungeni?"

Foleni ilicheka. Badar naye alicheka, akashika kifua kama aliyechomwa mkuki.

"Ndiyo kazi iliyonileta. Wachapishaji wanakuja kutoka Dar kusikiliza maoni ya wanafunzi kuhusu kitabu hiki, maana wanataka kutoa toleo jipya. Haya, nipe maoni yako."

"Maoni yangu? Kimeandikwa kwa watoto wa nchi za theluji. Kila mfano jibini, kila mfano tufaha. Mimi wa Nzega tufaha nimeliona kwenye kalenda."

"Naandika hilo."

"Andika. Na jina langu usiandike."

"Maoni ya wanafunzi hayana jina," alisema Badar kwa sauti ya kiapo. Ndiyo ilikuwa desturi ya chuo kile. Waziri hukusanya maneno ya wote na kuyasoma yeye, ili mkufunzi asijue nani kasema nini. Desturi nzuri, na ilikuwa na sababu yake. Mkufunzi Yoramu alikiandika kitabu mwenyewe, alikifundisha mwenyewe, na mtihani wake aliutunga na kuusahihisha mwenyewe. Ukikikosoa kitabu, umemkosoa mwenye kalamu nyekundu.

Badar aliomba kumsindikiza hadi Cheyo alikopanga. Kabula alikuwa na gauni la kitenge cha kijani, koti jeupe la maabara mkononi na mkoba mzito wa karatasi begani.

"Lete nikubebee."

"We, unajua unachokisema? Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Kutoka hapa hadi pwani na pembe za ndovu begani, mali ya watu wa kwenu. Hadi leo nyumbani wanasema alirudi na kovu tu."

Badar hakukasirika. Aliuchukua mkoba, akauweka begani kabisa, kama wapagazi wa zamani.

"Basi leo nalipa. Niambie nikatie wapi, bibie."

Hapo ndipo Kabula alipopenda. Kwa mkoba tu! Watu wanadhani mapenzi huanza na maneno matamu. Yake yalianza kwa kumwona mtoto wa mwenye mali akitoka jasho chini ya mzigo wake.

Wiki zilizofuata simu haikupoa. Asubuhi, "Umeamka, Kabu wangu?" Mchana, "Umekula?" Jioni alikuja mwenyewe Cheyo, akaketi kwenye kigoda mlangoni, na Tatu wa chumba cha jirani akapita na ndoo makusudi aone.

"Shemeji, kigoda hicho nitakulipisha kodi," Tatu alisema.

Siku moja Kabula alimpa matobolwa yaliyotoka Nzega ndani ya mfuko wa kitambaa. Badar alitafuna kipande kimoja, akafumba macho.

"Hiki ni nini tena? Kitamu hivi, umetia asali?"

"Asali wapi? Kiazi kitamu kitupu. Kimechemshwa, kikakatwa, kikaanikwa."

"Na michembe je?"

"Michembe inaanikwa mbichi, ndiyo maana haina utamu huu. Hebu sikia. Sura ya nne yote imo humo mdomoni mwako."

"Ngoja, ngoja!" Badar alichomoa simu. "Nikurekodi. Sema pole pole, mwalimu wangu."

Kabula alicheka, kisha akasema. Alisema kwamba kiazi kibichi kimejaa wanga, mnyororo mrefu usio na utamu, na humo humo kuna kimeng'enya chenye mkasi wa kuukata. Moto mdogo ukianza kupasha chungu, mkasi unafanya kazi, mnyororo unakatika vipande vya sukari. Moto mkali ukiwahi, kimeng'enya kinakufa kabla hakijamaliza, na kiazi kinabaki kizito mdomoni. "Mama yangu, Nyamizi, hakusoma baiokemia. Lakini huanza na kuni mbili tu, na ukimwongezea ya tatu anakufukuza jikoni. Ukimwelewa mama Nyamizi na chungu chake, umeielewa sura ya nne."

"Nakupenda," alisema Badar, na simu bado inarekodi.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa. Badar alivaa suti ya kijivu, tai imekaza shingo. Mkufunzi Yoramu aliketi mbele, kando ya mama mnene wa kampuni ya uchapishaji aliyejifunga mtandio wa zambarau. Badar alisoma. Alisoma la theluji na matufaha, na Yoramu akapasuka:

"Nani kasema hivyo? Asimame!"

"Maoni ya wanafunzi hayana jina, mkufunzi."

Kabula, safu ya tatu, alipumua. Mwanaume wake ni jabali! Ndipo Badar alipoanza kusoma habari ya matobolwa, neno kwa neno, mkasi na mnyororo na kuni mbili. Ukumbi ulivuma kwa makofi. Mama wa mtandio alisimama.

"Huyu ni nani? Aliyesema haya tunamtaka Dar likizo hii, atusaidie kuandika toleo jipya. Jina lake litakuwa kitabuni."

Badar aliinua macho, yakakutana na ya Kabula. Kabula alikuwa ameshajisogeza ukingoni mwa kiti. Hakutaka kingine duniani wakati ule ila kusikia jina lake likitoka kinywani mle.

"Ni maoni ya darasa," Badar alisema. "Hayana jina."

"Basi uje wewe uliyeyakusanya, kijana. Unaonekana umeyaelewa."

Naye akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama."

Alimkuta Kabula nyuma ya jengo la maabara, karibu na matangi ya maji.

"Kabu, nilikukinga. Ulimwona Yoramu? Angekuangusha mtihani."

"Kwa hasira ya Yoramu ulinikinga, nashukuru. Na makofi je? Hayo nayo yangenijeruhi?"

"Nilikuwa nimeshasema hayana jina. Ningerudije nyuma?"

"Kwa mdomo huo huo, Badar."

Aliapa. Alishika mikono yake miwili, akasema akifika Dar kitu cha kwanza atawaambia. Wallahi atawaambia. Kabula alimsamehe, kwa sababu alikuwa anampenda, na kwa sababu alikumbuka mkoba begani.

Kutoka Dar simu zilikuja kila siku, halafu zikawa za kusukumana.

"Umewaambia?"

"Bado, mpenzi. Natafuta nafasi."

"Nafasi ya maneno mawili?"

"Huku mambo si kama huko Tabora. Kuna taratibu."

"Taratibu!" Kabula alikata simu, akabaki ameishika kama kitu kilichokufa mkononi. Aliijua lugha ile. Kila anayekula jasho la mtu hukuambia kuna taratibu.

Mvua zilipokwisha, Tatu aliingia bila kubisha, simu mbele kama taa.

"Kabula, toleo jipya limetoka! Ona kundi la darasa lilivyochachamaa."

Wanafunzi walikuwa wanatoa maoni, safari hii kwa majina na picha zao. "Hatimaye kitabu kinachoongea na mimi." "Sura ya nne ni moto, nimeelewa mara moja." "Huyu kaka Badar apewe udaktari kabisa." Mmoja alikuwa ametuma picha ya jalada la nyuma. Badar anatabasamu ndani ya suti ya kijivu, na chini yake shukrani kwa mchango wake adhimu.

"Nionyeshe sura yenyewe."

Yote yalikuwemo, mkasi, mnyororo, chungu. Kiingereza kimepigwa pasi, lakini pumzi ilikuwa yake, hata pale alipotua ili acheke. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilishwa. Palipokuwa na Nyamizi, paliandikwa "mama mmoja wa kijijini."

Kabula hakulia kwa ajili ya jina lake. Alilia kwa ajili ya hilo.

Nami nasema hivi, asiyetaka asisikie. Njia ya misafara ya zamani inayopita mji huu ina kumbukumbu. Aliyetangulia na bendera anajulikana, nyumba yake imehifadhiwa, na wageni wanapigia picha mlango wake. Waliobeba waliitwa "mizigo mia tatu." Mama mmoja wa kijijini ni ndugu yao.

Badar alikwenda Nzega likizo iliyofuata, bila kupiga simu. Alikuwa na kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, boksi la halua mkono mmoja na kitabu kipya mkono mwingine. Mama Nyamizi alikuwa uani, akigeuza viazi kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda." Alimtazama juu hadi chini, kisha akamwita bintiye kwa Kinyamwezi, akawaachia ua, akaingia jikoni asiende mbali.

"Nimepata kazi chuoni," Badar alianza. "Mkufunzi msaidizi. Nimeongea nyumbani pia. Shangazi Fakhria yuko upande wangu, mambo ya dini tutayazungumza wazee wakikaa. Kabu, nimekuja kukuoa."

Moyo wa Kabula, mpumbavu yule, uliruka. Badar alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na bado alinukia udi ule ule.

"Jumamosi kuna uzinduzi wa kitabu ukumbini," Kabula alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Simama useme sura ya nne ni ya nani. Mbele ya Yoramu, mbele ya yule mama wa mtandio. Ukishuka jukwaani, njoo na wazee wako. Sitaki ng'ombe, sitaki halua."

Badar alisugua paji la uso.

"Watanifukuza kazi, Kabu. Watasema niliiba."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema tuoane. Tukioana, kilicho changu ni chako. Jina lile litakuwa letu sote wawili. Si yote ni yale yale?"

Kuku mmoja alipita katikati yao. Kabula alimtazama mwanaume aliyempenda, akaona jinsi alivyokuwa amelitunga neno lile njia nzima, na jinsi alivyoliamini.

"Kwa hiyo hii ndiyo posa," alisema taratibu. "Umeninyang'anya changu, sasa unaniahidi nusu yake nikikubali kukupikia."

"Usiseme hivyo, laazizi. Nakupenda!"

"Najua. Hilo ndilo linalouma. Ungekuwa hunipendi ningekuwa nimeshakusahau." Alikitazama kitabu mkononi mwa Badar. "Siku ile ulibeba mkoba wangu kutoka Mtendeni hadi Cheyo ukasema unalipa. Kumbe ulikuwa unapima uzito."

Badar alisimama. Alingoja kidogo, labda ataitwa. Hakuitwa. Mama Nyamizi alitoka na sahani ya matobolwa na chai, akakuta mgeni ameshafika barabarani.

"Ameacha kitabu chake," mama alisema.

"Amekiacha mahali pake, mama."

Jumamosi uzinduzi ulifanyika. Tatu alipiga simu kusema Badar alihutubia vizuri, alishangiliwa, na hakusema.

Chuo kilipofunguliwa, Kabula alikwenda Mtendeni na kitabu kile alichoacha Badar. Adinani alikuwa anahangaika na nakala ya zamani, kurasa zinamwagika sakafuni.

"Kaka Adinani, nimekuletea toleo jipya la kulaza kwenye kioo. Bure."

"Mungu akuzidishie, dada! Mwaka wa kwanza wameshaanza kunisumbua."

"Nipe kalamu yako kwanza. Nyeusi, itoke vizuri kwenye kopi."

Aliinama juu ya kaunta, akafungua sura ya nne. Alikata maneno "mama mmoja wa kijijini," na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NYAMIZI, WA NZEGA. Pembeni akaongeza: Muulizeni mkufunzi msaidizi alimjuaje. Kisha akakifunga, akakikabidhi, na foleni ikaanza kusogea.

Simu ililia akiwa maabara ya hospitali, kwenye mafunzo. Jina lile liliwaka kwenye kioo. Alipokea.

"Kabula." Nyuma yake kulikuwa na kelele za korido. "Nimetoka darasani. Wote wana nakala zile zile. Wote wameniuliza kitu kimoja."

"Ukawajibu nini?"

Alingoja. Hata sasa, baada ya yote, kuna kipande cha moyo wake kilichokuwa kimesogea ukingoni mwa kiti.

"Nimewaambia nitawajibu kesho," Badar alisema. Halafu, kwa ukali wa mtu aliyeogopa: "Nani ameandika yale maneno? Ni wewe?"

Kabula aliweka chini chupa ya sampuli aliyokuwa ameishika.

"Maoni ya wanafunzi hayana jina, mheshimiwa," alisema, na akarudi kwenye kazi yake.