Bamba Lililosuguliwa Nyuma

Uzi mweusi ndio uliomtoa Nukta nyumbani jioni ile. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na sare za shule kumi na mbili za kumaliza, na uzi ulimwishia akiwa kwenye kola. "Nenda upesi, na usisimame kupiga soga," alimwambia. Nukta akaenda, akanunua, akarudi jua likizama. Mlangoni kwake palikuwa na mtu.

Mrefu. Koti limefungwa hadi shingoni. Glovu mikono yote miwili, na joto lote lile! Kifurushi kakibana kwapani.

"Wewe ndiye mchonga shaba?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Hakuingia. Aliinua kwapa kidogo, kifurushi kikamwangukia Nukta mikononi. Ndani mlikuwa na bamba la shaba ya manjano, zito, baridi, pamoja na flashi ya kompyuta.

"Mchoro umo humo," mgeni akanong'ona. "Chonga upande laini. Nyuma usipaguse."

Akageuka kuondoka. Glovu zake zilining'inia tupu, kama soksi kwenye kamba. Nyuma yake aliacha harufu ya buchani, asubuhi kabla sakafu haijaoshwa.

Nukta alitikisa kichwa akaingia ndani. Wateja wana vituko vyao bwana. Alimpa mkewe uzi, akamfuta jasho shavuni kwa kidole gumba kama alivyozoea, akavuka pazia lililogawa chumba. Upande huu cherehani, upande ule mashine yake ya kuchonga. Aliiunda kwa mikono yake: reli mbili, mota tatu, kichongeo kilichotoka kwenye randa ya mbao, na kompyuta kuukuu ya kuiongoza. Meza yake ilikuwa ya mbao tu. Si ya kiwandani, lakini ilichonga!

"Msalimie mke mwenzangu," mkewe alimtania nyuma ya pazia.

Nukta alilaza bamba mezani. Likayumba. Alilisukuma huku, likainuka kule. Nyuma yake palijaa mikwaruzo midogo midogo yenye kingo kali. Alipotazama vizuri aliona ni jina la mtu, jina lile lile, limerudiwa mara mia kwa ncha ya msumari.

Sasa, muulize yeyote mwenye mashine ndogo kama ile: shaba isiyolala inavunja kichongeo. Nukta hakuwahi kuvunja kichongeo kwa uzembe, na watu hawakumpa jina la Nukta bure. "Nyuma usipaguse... Mteja anajua nini?" Akachukua msasa. Alisugua, akasugua, mpaka jina likaisha na bamba likalala kimya.

Laiti angalimsikiliza yule mtu.

"Vumbi lako litachafua sare za watoto wa watu!" Mkewe alikuja na brashi, akafagia meza. Chenga ya shaba ikamdunga kidole. "Ala! Inauma kama sindano." Tone la damu likaangukia bamba. Nukta alichukua kitambaa alipanguse.

Hapakuwa na kitu cha kupangusa. Shaba ilikuwa kavu.

Mkewe alikwisha kurudi kwenye cherehani. Nukta aliminya macho, akajiambia ni uchovu, akabana bamba pembe nne. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro ulifunguka: mkono wa kulia wa mtu, na mistari yote ya kiganja. Matabaka ishirini, kila moja jembamba kama karatasi. La mwisho lilikuwa mstari mmoja tu, wa kukata kabisa, kwenye kifundo.

Aligonga meza mara tatu kwa kidole, kama afanyavyo kila akianza kazi. Tap. Tap. Tap.

"Haya bibi, twende," aliiambia mashine.

Kichongeo kikavuma, kikashuka, kikagusa shaba.

"Aaah!"

Cherehani ilinyamaza. "Nini?" Nukta aliuliza.

"Sijui... kiganja changu. Kama nimejikata na wembe."

Tabaka la pili. Mkewe alipiga kelele iliyomwinua Nukta kwenye kiti. Alifungua pazia. Damu ilikuwa inafuata mistari ya kiganja cha mkewe, mmoja baada ya mwingine, ikimwagika kwenye kola. Na harufu ile... ya buchani... sasa ilitoka kwenye mashine.

Aliruka akabonyeza kitufe chekundu. Mashine haikusimama. Aling'oa waya ukutani. Taa ya mashine ilizimika, mota zilizimika. Kichongeo kiliendelea kuzunguka.

Tabaka la tano. La sita.

"Izime! Mume wangu, izime, nakufa!"

Akashika nyundo. Alipiga kwa nguvu zake zote, ikatua kwenye kidole kidogo cha mchoro. Upande wa pili kitu kikalia, *kak!*, na mkewe akatoa sauti ambayo Nukta hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Kidole chake kidogo kilikuwa kimelala upande.

Nyundo ikamponyoka.

Kumi na mbili. Kumi na tano. Nukta alilia kama mtoto, tena kwa sauti. Mkono ule ndio ulioshona nguo zao zote. Ndio ulioshika paji lake alipougua. Alijua mstari wa mwisho ulikuwa unakuja, na alijua utapita wapi. Kisha akakumbuka lile tone. Damu ndiyo iliyolionyesha bamba mtu wake. Basi, damu.

Alimpenda mwanamke yule kuliko mikono yake miwili. Sasa alitakiwa aonyeshe.

Akaweka mkono wake wa kulia juu ya mchoro, kidole kwa kidole.

Kichongeo kikaingia.

Nyama iliruka ukutani. Kiliuma hadi mfupa, kikauzunguka, kikarudi. Mkono hakuutoa. Mkewe alikuja mbio. "Toa mkono! Toa!"

"Wako... bado unauma?"

Aliutazama. Mistari ilikuwa imefumba, damu imekatika. "Hauumi," alisema, akaanza kupiga mayowe upya.

Mashine ilifika ishirini. Ilikata mstari wa mwisho polepole, kwa unadhifu, kisha ikasimama yenyewe.

Hospitali waliambiwa mashine ilimkata, na huo haukuwa uongo. Mkewe aliutafuta ule mkono mezani, chini, ndani ya chenga za shaba. Hakuuona. Bamba lilibaki limebanwa pale pale, lina tundu lenye vidole vitano.

Kidonda kilipona. Mkewe alirudi kwenye sare, kidole chake kidogo kimepinda. Nukta alikaa naye tu jioni, akimpitishia uzi kwa mkono wa kushoto, wakicheka kidogo.

Jioni moja mlango uligongwa.

Tap. Tap. Tap.

Nukta alizihisi zote tatu, pale mkono ulipoishia.

Mgeni aliingia safari hii. Glovu ya kushoto ilining'inia tupu. Mkono wa kulia haukuwa na glovu, na penye gumba palikuwa na kovu la moto ambalo Nukta alilipata akiunga nyaya za mashine yake. Mkono ule ukaweka kifurushi kingine mezani.

"Nilikwambia nyuma usipaguse," mgeni akanong'ona. "Mwenye mkono alikuwa ameshaandikwa. Bado wa kushoto."

Mkewe aliinama. Aliiokota nyundo chini ya mashine, akaiinua juu ya mkono ule.

"Usipige!" Nukta alipayuka. "Mke wangu, usipige! Ni wangu huo... bado unaniuma!"

Nyundo ilibaki juu. Machozi yalimtiririka yule mama. Mgeni hakuukwepesha mkono. Aliuinua taratibu, na kwa kidole gumba akamfuta chozi shavuni.

Na Nukta, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa chumba, alihisi shavu la mkewe, lenye joto, limelowa.