Nilijigamba Kuwa Mwanangu Halii

Naitwa Riziki, nina miaka thelathini na mmoja, Mkenya, mfanyakazi wa usafi hotelini hapa Doha. Ndugu wasomaji, mpaka leo nikimwona mtoto amelala fofofo, huinama kusikiliza kama anapumua!

Mimi na mume wangu, ambaye ni dereva, tulijaliwa mtoto wa kiume, Baraka. Likizo ya uzazi ilipoisha nilihangaika kutafuta mahali pa kumwacha. Vituo vya kulea watoto vilitaka karibu mshahara wangu wote! Kwetu Kenya, kaunti yetu huwasaidia akina mama wa sokoni kulipia malezi ya watoto. Lakini hapa, mgeni wa kipato kidogo kama mimi nimwendee nani?

Ndipo Zipporah, rafiki yangu wa kanisani, akajitolea. Alikuwa mlinzi wa usiku, akiishi mtaa wa Muaither katika jumba la wafanyakazi wanawake. Watoto hawakuruhusiwa humo, lakini mchana angekaa na Baraka kimyakimya. Nilimwamini kama dada wa tumbo moja!

Kila jioni nilimkuta Baraka amelala. Zipporah alimsifu kwamba ni mpole, hata majirani hawajui yuko. Nami, mjinga wa watu, nikajigamba kazini kuwa wangu halii...

Jioni moja nilimbeba, kichwa kikaning'inia begani. Nilimwita. Nikamtikisa. Nikamnyunyizia maji usoni. Hakufumbua macho! Nikapiga mayowe.

"Nyamaza! Mudiri atasikia!" Zipporah akaniziba mdomo. Mwanangu anakufa, yeye anamwogopa msimamizi wa jumba!

"Umempa nini?"

"Si nilimpea tu dawa ya mafua alale? Huwa nampea kila siku. Akilia watatufukuza sote, na mimi pia lazima nilale!"

Kila siku! Nikampigia simu mume wangu.

Akaja mbio, akatukimbiza hospitali. Muuguzi akauliza mtoto amekunywa nini na alikuwa wapi. Niliogopa, wasomaji... Nikilitaja lile jumba, je, tutarudishwa kwetu? Nikamtazama Baraka akihema kwa shida. Nikasema yote.

Kesho yake alilia. Nami nililia kumshinda.

Sasa yuko kwa mama yangu, huko nyumbani, na mchana, mama akiwa anauza sokoni, analelewa kwenye kituo kinacholipiwa na kaunti. Zipporah na mimi hatuzungumzi tena.

Dada zangu mnaofanya kazi ugenini, rahisi ni ghali! Mtoto akiwa mtulivu kupita kiasi, uliza, chunguza, usione aibu. Na ninyi mnaogawa fedha za serikali, msitupunguzie hicho kidogo cha malezi ya watoto. Mnajua mama asiye na pa kumwacha mwanawe humwacha wapi?

Juzi nilimpigia mama simu ya video. Baraka alikuwa amelala.

"Mama, mwamshe kidogo."

"Riziki, mwanangu, amelala tu."

"Mwamshe, mama, tafadhali... Nataka nimsikie akilia."